Fezanti wa Mama Mchungaji

Mama Mchungaji hakupenda mtu asimame mbele ya banda lake, aseme ndege ni wazuri, kisha aondoke. Alimrudisha. Alimuuliza ni wazuri kivipi, na mgeni, ambaye mara nyingi alikuwa amekuja kuomba chumvi au kuleta taarifa ya msiba, alijikuta ameketishwa kwenye kigoda akifundishwa habari za milima ya China mpaka chumvi yenyewe akaisahau.

Nilimfahamu kwa miaka tisa, tangu nilipopangiwa kazi ya ugani wa mifugo katika kata ya Ihanda, nikiwa kijana mwenye pikipiki ya kuazima na sanduku la chanjo. Mumewe alikuwa ameshafariki. Jina lake la ubatizo nililisoma mara moja tu, nilipoliandika mimi mwenyewe kwenye barua ambayo nitaieleza. Kijiji kizima kilimwita kwa cheo cha marehemu, na yeye alisema cheo hicho ndicho urithi pekee alioachiwa, kwa kuwa hakiliwi wala hakigawanyiki.

Ndege wenyewe walikuwa fezanti, jamii moja na kuku na kwale. Watu waliwaita kuku wa Kichina. Dume ana kishungi cha njano kinachong'aa kama hariri, kifua na tumbo vyekundu, na mkia wa kahawia wenye madoa, mrefu kuliko mwili wake wote. Shingoni amevaa manyoya mapana ya rangi ya chungwa yenye mistari myeusi. Anapomtaka jike huyakunjua yote upande mmoja, yakamfunika uso mpaka likabaki jicho tu linalochungulia. Humzunguka jike kwa mbio fupi, akamkatia njia, akakunjua upande wa pili, na kutoa sauti kali ya kufoka kama nyoka. Jike ni wa kahawia mwenye mistari, kama jani kavu la mgomba, na mara nyingi wakati hayo yote yanafanyika yeye anadonoa mchwa.

Mama Mchungaji alicheka kila alipouona mchezo huo. Alisema Mungu alipomaliza kumpaka rangi dume alikuwa amechoka, ndiyo maana jike akapewa kazi badala ya rangi. Kisha uso wake ulibadilika akaanza kunihesabia kazi hizo. Jike hutaga mayai manane, kumi, kumi na mawili, akayaatamia peke yake siku ishirini na mbili au tatu. Katika siku hizo anaweza asinyanyuke hata kula. Dume hamjui mtoto wake akikutana naye njiani. Vifaranga wakifika wiki mbili wanaruka juu ya kijiti, na mama yao anabaki chini akiwahesabu.

"Hakuna anayekuja hapa na simu kumpiga picha jike," aliniambia siku moja. "Kwa miaka thelathini na nne mimi nilifungua mlango wa nyumba hii kwa kila mtu aliyebisha hodi. Nilipika kwa kila mkutano. Nenda ofisini kwao usharikani uone picha ukutani. Yupo mume wangu, yupo aliyemtangulia, yupo aliyemtangulia huyo. Ukiniona mimi uniite."

Nilikwenda. Hakuwapo.

Alikuwa mtu mgumu, na sitaki kumlainisha kwa sababu ya yaliyompata baadaye. Mabinti wa kwaya walimkimbia. Aliwahi kumtoa msichana mmoja mstari wa mbele kwa sababu ya kucha za rangi, na mwingine akamrudisha nyumbani avue nywele za bandia ndipo aje kuimba. Mapambo, alisema, ni uongo unaovaliwa. Mabinti walinong'ona kwamba mwanamke mwenye kusema hivyo anafuga ndege wenye mapambo kuliko maharusi wote wa Mbozi, na walikuwa na haki. Nilimuuliza kuhusu hilo. Akanijibu kwamba ndege hakuchagua. Nilipomwambia kwamba yeye ndiye aliyechagua ndege, aliniuliza kama nimemaliza kuchanja.

Aliwapata Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amekwenda Tunduma kununua vitambaa vya madhabahu, akavuka kumsalimia mwanamke wa Kizambia aliyefahamiana naye katika mikutano ya akina mama. Mwanamke huyo alikuwa akitunza bustani ya nyumba ya wageni iliyokuwa inafungwa, na bustanini mlikuwa na ndege ambao hakuna aliyewataka. Akamwambia, akimwita mama kwa lugha yake, "Bamayo, wachukue, la sivyo watakuwa mboga." Mama Mchungaji aliwachukua dume mmoja na majike wawili, akawatia kwenye tenga, akafunika kwa vitambaa vya madhabahu vyenye misalaba, akapita nao njia za pembeni kati ya nyumba na nyumba, mahali ambapo mpaka ni mfereji wa maji machafu tu. Kijana mmoja wa ulinzi alimsimamisha. Alipoiona misalaba akamwomba baraka. Akambariki.

Alinisimulia hayo mwaka wa pili wa kufahamiana kwetu, tukinywa chai, huku akijua vizuri kwamba mimi ndiye mtu ambaye serikali inamlipa mshahara ili ndege wasiingie namna hiyo. Alisema hajawahi kumwambia mtu mwingine, hata mumewe alimwambia ni zawadi. Nilicheka sana. Nilijisikia nimepewa kitu.

Pamoja na ndege alipewa kitabu kikubwa cha ndege wa kufugwa, cha Kiingereza, kilichokatika jalada. Alikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa wiki, na kila alichokielewa alikiandika kwa Kiswahili kwenye daftari la shule. Kutokana na daftari lile nilijifunza mengi kuliko niliyofundishwa chuoni. Nilijifunza kwamba ndege hawa kwao wanakaa katika misitu minene ya milimani, wanatembea chini ya kivuli mchana kutwa wakila majani machanga, mbegu na wadudu, na jioni wanapanda mtini kulala. Wana mabawa mafupi, wanaruka ghafla na kuchoka upesi. Nilijifunza kwamba dume huzaliwa wa kahawia kama dada zake, na rangi zake zote humjia mwaka wa pili. Nilijifunza kwamba ana ndugu yake mwenye kola nyeupe na mkia mrefu zaidi, anayeishi milima ya kusini hadi Burma, na kwamba wakifungiwa pamoja wanazaana mpaka kumpata wa damu safi inakuwa kazi. Katika banda lake mlikuwa na dume kijana mwenye weupe shingoni usiopaswa kuwapo. "Huyu ni wa mpakani," alisema, "kama sisi."

Na nilijifunza habari ya jua. Rangi za dume ni za kivulini. Akiwekwa juani siku nyingi, zinapauka, nyekundu inakuwa kama tofali, njano inakuwa kama nyasi za Agosti. Si ugonjwa. Ni jua tu, na akibadilisha manyoya kivulini anarudi alivyokuwa. Ndiyo maana banda lake lilikuwa katikati ya mibuni, chini ya mgrevilea mkubwa. Mwaka ambao upepo uliangusha mgrevilea ule, madume wote wawili walipauka kabla mti mwingine haujakua. Alikuwa akitundika magunia juu ya wavu kila asubuhi, akiyasogeza jua linavyosogea, mwanamke wa miaka sitini na kitu juu ya ngazi.

Alikuwa na uvumilivu huo kwa ndege tu. Kwa watu aliishiwa mapema. Mganga mmoja alitoka Ileje kuja kuomba manyoya ya mkia, akaongea kwa adabu, akaketi. Mama Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na jembe. Lakini mjukuu wa jirani alipopata degedege, ni yeye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, na hakumruhusu mtu kumshukuru. Watu walipoanza kusema kwamba ndege wake ni majini, na kwamba dume anapofunika uso anakuwa anaongea na mumewe kaburini, aliwaalika wasemaji wote siku ya Jumamosi. Walikuja saba. Aliwasomea daftari kwa saa mbili. Watano waliondoka wakiwa wamesadiki. Wawili waliendelea kusema, ila kwa sauti ndogo.

Sasa nieleze kilichowaondoa ndege hao.

Nyumba aliyokaa ilikuwa ya kanisa. Mumewe alipofariki wazee wa usharika walimruhusu abaki "kwa muda", na muda ukawa miaka kumi na moja, huku mchungaji mpya akipanga vyumba viwili barabarani. Sitasema wazee hawakuwa na hoja. Walikuwa nayo. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeitumia, mpaka walipotaka kitu kingine.

Katibu wa usharika alikuwa baba mkwe wangu. Alikuwa mtu wa sauti ya taratibu, mwenye lafudhi nzito ya Kinyiha, asiyewahi kumgombeza mtu mbele za watu. Tulikuwa tunaezeka kanisa upya, na alikuwa amempata mgeni rasmi mkubwa kutoka mjini wa kuongoza changizo. Mgeni kama huyo hapewi mbuzi. Katibu alimwendea Mama Mchungaji akamwomba dume mmoja na jike mmoja kwa ajili ya zawadi, kwa heshima ya usharika. Akakataa. Alieleza kwamba mgeni ana nyumba yenye uwanja wa vigae bila mti hata mmoja, na ndege watakufa. Katibu akamwambia kwamba wakifa watakuwa wameshatolewa, na sadaka ni sadaka. Mama Mchungaji akamwambia aende kwa amani.

Jumapili iliyofuata likatangazwa suala la nyumba. Mama Mchungaji alisimama katikati ya ibada akasema atahama, apewe mwezi mmoja, lakini atahama na ndege wake.

Katibu alinifuata nyumbani kwangu jioni ya Jumatano. Mke wangu alitutengea chakula akatuacha. Hakuniomba uongo. Nakumbuka alivyolisema hilo vizuri, kama mtu anayenifanyia hisani.

"Wewe ni mtaalamu," alisema. "Andika ulichokiona. Kama wana vibali, andika wana vibali. Kama wana afya, andika wana afya."

Nikaandika. Niliandika kwamba ndege hao waliingizwa nchini bila kibali wala karantini. Niliandika kwamba madume wawili wameonekana na manyoya yaliyopauka. Niliandika kwamba katika mazingira hayo inashauriwa waondolewe kwenye makazi ya watu na kukabidhiwa kwa uongozi kwa uangalizi. Kila sentensi, ukiisoma peke yake, ilikuwa kweli. Nilitia saini nikagonga muhuri. Nilijiambia kwamba angehama hata hivyo, kwamba mzee ana dawa za presha asije akakasirika, kwamba mke wangu ana mimba. Nilijiambia mambo mengi, na yote yalikuwa kweli vilevile.

Walikwenda asubuhi, wazee watano na matenga mawili, na nikaambiwa niwepo ili ndege wasiumizwe. Katibu alimsomea barua mlangoni. Alisoma polepole, na alipofika kwenye manyoya yaliyopauka niliangalia chini. Mama Mchungaji hakubishana. Alinyoosha mkono akaipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akaisoma tena mwenyewe.

"Hii ni saini yako?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo, mama.

Akairudisha. Akawaambia wazee kwamba ndege huyu hakamatwi kwa mkia, anauacha mkononi akakimbia, mtu akamate kwa mabega yote mawili. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na tukafanya kazi ile bila yeye. Dume mkubwa aliruka juu ya mti wa mbuni, akaanguka, akaruka tena, akachoka. Jike mmoja alikuwa anaatamia kwenye kona chini ya majani makavu, mayai tisa, siku ya kumi na nane. Nilijua siku kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye nguzo. Hakutuona mpaka tulipomfikia. Nilimnyanyua mimi mwenyewe. Alikuwa mwepesi kabisa, mifupa na joto.

Niliwaambia wazee tumwache mpaka atotoe. Katibu alisema barua inasema ndege wote.

Mama Mchungaji aliyachukua mayai yale akamwekea kuku wake wa kienyeji aliyekuwa anataka kulalia. Sikuwepo, nilisikia kwa jirani. Yalikaa baridi kwa saa nyingi kabla hajatoka ndani. Alisubiri siku ya ishirini na tatu, akasubiri mpaka ya ishirini na nane, ndipo akayafukia chini ya mti wa mbuni. Siku iliyofuata alipakia vyombo vyake kwenye Noah iliyokwenda Tunduma, kabla mwezi aliopewa haujaisha.

Changizo lilifana. Dume mkubwa alitolewa mbele ndani ya kizimba kilichofungwa utepe, na watu walipiga makofi alipokunjua manyoya ya shingo kwa hofu, wakidhani anafurahi. Mgeni alisema hajawahi kuona kazi ya Mungu kama ile. Ndege wengine waligawiwa huku na huku. Baada ya miezi michache nilisikia kwamba dume yule amekufa, na kwamba manyoya ya mkia yapo sebuleni kwa mgeni, ndani ya chombo cha maua. Mchungaji mpya akahamia. Katika banda anafuga kuku wa mayai, na mimi ndiye ninayewachanja.

Mke wangu alijifungua salama. Baba mkwe wangu alimbeba mtoto kanisani chini ya bati jipya, akanitazama kwa upendo wa kweli. Hajawahi kunitendea ubaya wowote. Mimi ndiye siwezi kukaa naye mezani bila kutafuta sababu ya kuinuka.

Nilimwona Mama Mchungaji mara moja tu baada ya hapo, mwaka huu, miaka miwili tangu aondoke. Nilikuwa Tunduma kwa ajili ya chanjo zilizokwama, nimeambiwa nisubiri mpaka alasiri, nikapita mtaa wa maghala ambako wafanyabiashara wanakusanya maharage ya kuvusha. Ndani ya ghala moja wanawake kama ishirini walikuwa wameketi chini kwenye maturubai wakichambua maharage kwa ungo, wakitoa mawe na yaliyooza. Mmoja aliita, "Bibi, nipitishie gunia," na aliyegeuka alikuwa yeye.

Hapo hakuna aliyejua kwamba alikuwa Mama Mchungaji. Alikuwa Bibi tu, kama wanawake wengine wawili watatu wa umri wake. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, na miguu yake ilikuwa imevimba.

Nilimwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema. "Ongea karibu, malori yana kelele."

Nikachuchumaa. Aliniuliza habari za mke wangu, nikamwambia tuna binti. Aliuliza mvua za Ihanda zilikuwaje na kahawa imezaa kiasi gani, na nikamjibu, na mikono yake haikusimama hata mara moja. Nilimwambia habari ya dume, kwa sababu nilifikiri ni haki yake kuijua. Akasema alishaijua. Nilimwambia kwamba nilikuwa na nia ya kumtafuta. Akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa. Nilimwambia kwamba ile barua nilikosea, na sauti yangu ilitoka ya juu kuliko nilivyotaka, mwanamke wa pembeni akatazama.

"Hukukosea," alisema. "Wewe unajua kuandika."

Hapakuwa na hasira katika kusema kwake. Alilisema kama anavyosema mwalimu anayerudisha daftari. Nilibaki nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Niliinuka, na kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kuondoka, nikasema maneno ambayo watu wa kwetu humwambia mke wa mchungaji bila kufikiri. Nikasema, "Mama, niombee."

Ndipo mikono yake ikasimama.

"Naomba kila asubuhi kabla ya kuja hapa," alisema. "Naanza na nyumba ya kwanza, ukiingia Ihanda kutoka barabara kuu, nawataja wote kwa majina mpaka kisimani. Baba mkwe wako namtaja. Mgeni wenu namtaja. Nikifika kwako naruka."

Nikavua kofia.

"Nimejaribu nisiruke," alisema. "Miaka miwili najaribu."

Akavuta ungo wake karibu, akapuliza makapi, akaendelea kuchambua. Nilisimama pale kidogo nikiwa nimeshika kofia. Kisha nikamwambia asante, mama.